Gari lako la zamani livae rangi ipi? Datsun, Gulf, Martini, nyeusi na dhahabu, au 555

Bodi imeshanyooshwa, puti imekauka, na fundi anauliza: "Haya bosi, rangi gani?" Hapo ndipo wenye magari ya zamani wengi hukwama kwa miezi. Mmoja anataka samawati na chungwa za Gulf kwa kuwa aliziona kwenye filamu. Mwenzake anashikilia kwamba gari lisilo na mistari ya Martini bado liko uchi. Kijana wa Subaru naye hataki kusikia lolote lisilo buluu na tarakimu tatu za njano. Wote wana hoja, ndiyo maana ubishi huu hauishi.

Inafaa kwanza kujua rangi hizi zilitoka wapi. Kwa miongo mingi magari ya langalanga na ya mbio ndefu yalivaa rangi ya nchi: Waitaliano nyekundu, Waingereza kijani, Wafaransa buluu, Wajerumani nyeupe na baadaye fedha. Mwishoni mwa miaka ya 60 mambo yakageuka, na kwenye langalanga yalianza kugeukia Afrika. Siku ya mwaka mpya wa 1968, katika uwanja wa Kyalami huko Afrika Kusini, timu binafsi ya John Love, dereva wa Rhodesia, ilileta Brabham iliyopakwa rangi za sigara za Gunston. Miezi michache baadaye Lotus nao wakaacha kijani cha Kiingereza, wakavaa nyekundu, nyeupe na dhahabu za Gold Leaf, sigara nyingine. Tangu hapo gari la mbio likawa tangazo linalokimbia.

Hili lina uzito kwa anayechagua. Waliobuni rangi hizi walitaka zionekane kwa mbali, juu ya gari la umbo fulani, kwa muda wa mashindano tu. Wewe unataka zikae miaka kwenye jua, juu ya gari ambalo pengine ni Corolla. Kwa hiyo nimezipima zote tano kwa mambo yaleyale: historia iliyo nyuma yake, umbo linaloipokea, jua na vumbi, kazi ya fundi, na jina lililokuwa limeandikwa ubavuni, maana baadhi ya majina hayo leo yana shida.

Datsun: nyekundu yenye boneti jeusi

*Historia.* Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari mengi yamepita humo bila kukumbukwa rangi. Datsun 240Z haikusahaulika. Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishindia mwaka 1971, na mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alimaliza sawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström, ikabidi watazamwe nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Mehta alikuja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet.

*Umbo.* Rangi hii inataka boneti refu. Kwenye 240Z weusi unaanzia puani unakuja hadi kiooni, na gari linaonekana limenyoosha shingo. Kwenye gari la pua fupi, Starlet kwa mfano, utaonekana kama uliyegongwa ukanunua boneti la gari lingine Gerezani au Kirinyaga Road.

*Jua na vumbi.* Weusi ule una kazi: haung'ai, kwa hiyo jua la asubuhi au la jioni halirudi machoni mwa dereva. Hasara yake ni kwamba rangi isiyong'aa haipigwi nta. Ukiisugua inapata mabaka yanayong'aa, na hakuna namna ya kuyaondoa zaidi ya kupuliza upya. Nyekundu nayo hupauka, hasa ya bei rahisi, na huanzia paani.

*Kazi ya fundi.* Ndogo kuliko zote. Rangi mbili, na mpaka wake ni ukingo wa boneti.

*Jina.* Halikuwa na tangazo kubwa la kuogopa. Namba mlangoni inatosha.

Inamfaa mwenye Datsun au coupe yoyote ya Kijapani ya miaka ya 70, na mtu ambaye bajeti yake imekwisha kwenye injini.

Gulf: samawati na chungwa

*Historia.* Rangi hizi zilitokea mwaka 1967 kwenye magari ya Mirage ya John Wyer, Mwingereza aliyedhaminiwa na kampuni ya mafuta ya Gulf ya Marekani. Buluu ya kampuni yenyewe ilikuwa imekoza. Samawati ilitoka kwa Wilshire, kampuni ya mafuta ya California ambayo Gulf waliinunua, na ikaonekana inapendeza zaidi kwenye gari. Ford GT40 yenye rangi hizo ikashinda Saa 24 za Le Mans mwaka 1968, kisha 1969, na lilikuwa gari lilelile, chesisi namba 1075, miaka yote miwili.

Mbio za 1969 ndizo za kusimulia. Enzi hizo madereva walisimama upande mmoja wa barabara, bendera ikishuka wanakimbia kuyarukia magari. Jacky Ickx aliona huo ni wazimu, kwani nani atafunga mkanda kwa pupa ile? Akavuka barabara akitembea, akafunga mkanda wake, akaondoka wa mwisho. Saa 24 baadaye alimtangulia Hans Herrmann wa Porsche kwa mita kama 120.

Na hapa pana jambo litakalokupa ushindi kwenye ubishi wowote: Porsche 917 ya Gulf, ile ya filamu aliyoigiza Steve McQueen, haikuwahi kushinda Le Mans. Mwaka 1970 ilishinda 917 nyekundu na nyeupe, mwaka 1971 ikashinda ya Martini. Gulf walirudi kushinda 1975, kwa Mirage ya Ickx na Derek Bell.

*Umbo.* Mkanda wa chungwa unapita katikati, kutoka puani hadi mkiani, kwa hiyo unataka gari la mviringo lisilo na vikwazo njiani. Volkswagen ya duara inaupokea vizuri ajabu. Kwenye Land Rover unakatwa na gurudumu la akiba lililolala juu ya boneti, na kilichobaki hakieleweki.

*Jua na vumbi.* Samawati ni rafiki wa nchi zetu. Haikusanyi joto jingi na vumbi halionekani upesi. Chungwa ndiyo ya kuchunga.

*Kazi ya fundi.* Rangi zote mbili ni za kawaida, hazina chembe za kumetameta, kwa hiyo pakikwaruzika ni rahisi kurudishia. Wengi hukosea mambo mawili: huchagua buluu yenye nguvu mno, na huacha ule mstari mwembamba wa buluu iliyokoza unaotenga chungwa na samawati. Bila mstari huo rangi mbili zinapigana.

*Jina.* Mafuta ya gari. Unaweza kumpeleka mtoto shule nalo.

Martini: mistari ya buluu mbili na nyekundu

*Historia.* Hii ndiyo yenye hadithi ndefu kuliko zote, na sehemu yake kubwa imepita kwenye matope yetu. Martini & Rossi ni kampuni ya mvinyo wa viungo ya upande wa Torino, Italia. Mwanzoni hata wao hawakuwa wamejua wanataka nini: mwaka 1970 walileta Le Mans Porsche 917 ya zambarau yenye mawimbi ya kijani, watu wakaiita Hippie, ikamaliza ya pili. Mwaka uliofuata wakaja na gari jeupe lenye mistari. Helmut Marko na Gijs van Lennep wakashinda wakiwa wamekwenda kilomita 5,335, umbali ambao haukupitwa hadi mwaka 2010. Porsche za Martini zikashinda tena Le Mans 1976 na 1977.

Kisha Afrika Mashariki. Mwaka 1978 Porsche walileta kwenye Safari 911 SC zilizoinuliwa juu, zenye mistari hiyo. Vic Preston Jr wa Kenya akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa nne, na aliyewazuia ni Jean-Pierre Nicolas ndani ya Peugeot 504. Naam, gari la mwalimu mkuu na la teksi za masafa, japo hii ilikuwa coupe ya V6. Waliofika wakavuna ni Lancia: Miki Biasion alishinda Safari 1988 na 1989 kwa Delta Integrale, na Juha Kankkunen 1991. Mwaka 1999 Colin McRae akaipa Ford Focus ushindi wake wa kwanza kabisa wa mashindano ya dunia, palepale Kenya, ubavuni mistari ileile.

*Umbo.* Nguvu ya Martini iko kwenye mistari, rangi ya chini inabadilika tu. Imekaa juu ya Porsche nyeupe na za fedha, Brabham nyekundu ya 1976, Lotus ya kijani ya 1979, hata Lancia nyekundu kule Sanremo 1989. Na Delta ni sanduku lenye magurudumu, nalo lilipendeza. Ndiyo maana gari la pembe nne la kawaida, Corolla ya zamani, 504, hata stesheni wagoni, lina nafasi hapa kuliko kwenye Gulf.

*Jua na vumbi.* Nyeupe hukaa baridi. Udongo mwekundu utaipaka chini ya milango, kwa hiyo pandisha mistari juu ya usawa wa magurudumu, nusu ya siku za mvua bado itaonekana.

*Kazi ya fundi.* Hapa ndipo pesa zinapoliwa. Mistari ya upana tofauti inatoka kwenye boneti, inapita fenda, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, hadi kwenye buti, na kila penye mwanya lazima ikutane. Gari la miaka 30 lina milango iliyoning'inia kidogo kwenye bawaba, na mlango ukishuka milimita nne mstari nao unashuka. Kwa hiyo kabla ya rangi, bawaba. Baada ya kubandika tepu na kabla ya kupuliza, funga milango yote, rudi nyuma hatua kumi, tazama ukiwa umesimama kisha ukiwa umechuchumaa. Fundi atanung'unika, mwache anung'unike. Wengine hukata mistari kwa stika. Inakubalika, lakini stika iliyo kwenye boneti na paa huanza kukakamaa na kupasuka mapema kwa jua, na ukiibandua inaacha kivuli chake.

*Jina.* Ni pombe. Kwa mtu wa Mombasa Mjini wa Kale au Unguja anayeegesha nje ya msikiti, au mwenye shule, neno lenyewe halifai. Habari njema ni kwamba mistari inajitosheleza: ondoa jina, na mjuzi bado ataijua kutoka ng'ambo ya barabara.

Nyeusi na dhahabu: Lotus za John Player Special

*Historia.* Mwaka 1972 Lotus walivua Gold Leaf wakavaa nyeusi, na mwaka huohuo Emerson Fittipaldi akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 25. Mwaka 1978 Mario Andretti akatwaa ubingwa na Lotus 79, gari ambalo umbo la chini yake lilifanya hewa ilivute kuelekea barabarani, wapinzani wakabaki wanalitazama mgongo. Siku ileile ubingwa ulipopatikana, kule Monza, mwenzake Ronnie Peterson alipata ajali, akafariki kesho yake. Aprili 1985, kwenye mvua ya Estoril, Ureno, Ayrton Senna alipata ushindi wake wa kwanza wa langalanga akiwa ndani ya gari jeusi na dhahabu. Safari Rally haimo kwenye kumbukumbu hizi. Ukitaka rangi yenye vumbi la Kenya, hii siyo.

Usidhani ni ya magari yasiyo na paa peke yake. Huko Australia Jim Richards alikuwa bingwa wa magari ya barabarani 1985 na 1987 kwa BMW zenye rangi hizi, na kwa macho yangu ile 635 CSi ni nzuri kuliko baadhi ya Lotus zenyewe.

*Umbo.* Mistari myembamba ya dhahabu hufuata kingo za bodi. Gari lisilo na kingo halina pa kuipitisha. BMW na Mercedes za miaka ya 80, Peugeot 505, Nissan za pembe nne: hayo ndiyo yake. Gari la mviringo litaishia kufanana na lililotoka msibani.

*Jua na vumbi.* Nitasema wazi: ni adhabu. Nyeusi hunywa joto. Liache Dodoma au Garissa saa saba mchana uone usukani utaushika na nini. Ukiosha kwa kitambaa chenye mchanga, alama za mizunguko zinabaki. Ukishatoka nyumbani likiwa safi, ukifika kwenye lami ya kwanza tayari ni la kijivu.

*Kazi ya fundi.* Mistari si tatizo sana. Mafundi wanaoandika malori kwa mkono wanaiweza kuliko wenye mashine, na brashi nyembamba ikishikwa na mkono uliotulia inatoa mstari ambao stika haiufikii. Tatizo ni bodi. Nyeusi inayong'aa haifichi kitu, kila puti iliyopigwa msasa haraka itajitokeza kama wimbi. Dhahabu nayo iwe iliyotulia, ikikaribia khaki. Ya kumetameta hugeuza gari kuwa pambo la harusi.

*Jina.* Ni sigara. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kutangaza tumbaku, na hata pasipo sheria, sioni sababu ya kutangaza bure bidhaa ya mtu. Nyeusi na dhahabu bila maandishi inabaki na heshima yake yote.

555: buluu na njano ya Subaru

*Historia.* State Express 555 ni sigara za British American Tobacco, na magari yalitengenezwa na Prodrive wa Banbury, Uingereza. Colin McRae alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, dereva wa kwanza kutoka Uingereza kupata taji hilo la rali, na Subaru wakatwaa ubingwa wa watengenezaji 1995, 1996 na 1997. McRae alishinda Safari 1997. Mkenya Patrick Njiru aliendesha Subaru kwenye Safari za miaka hiyo, na ukitaka kujua kwa nini vijana wa Nairobi wanaichukulia Impreza kama ndugu wa damu, anzia hapo.

*Umbo.* Impreza. Nimeona watu wakijaribu kwenye Premio na kwenye Vitz, na sitaendelea.

*Jua na vumbi.* Buluu iliyokoza huonyesha vumbi, ingawa kwa huruma kuliko nyeusi. Rimu za dhahabu huficha unga wa breki.

*Kazi ya fundi.* Nusu imeshafanywa kiwandani, kwani Subaru waliuza magari ya barabarani yenye buluu ya aina hiyo na rimu za dhahabu. Ila buluu yao ina chembe zinazong'aa. Ukikwaruza bampa, fundi akipuliza bampa peke yake, juani litaonekana la gari lingine. Andaa kupuliza hadi kwenye fenda.

*Jina.* Tarakimu ni tangazo la sigara vilevile. Timu yenyewe baadaye iliziacha ikaweka nyota za Kilimia zilizo kwenye nembo ya Subaru, na toleo hilo ndilo ningechagua. Asidai mtu kutojua: gari hili litaalika kila kijana mwenye ekzosi kubwa kushindana nawe kwenye mataa, na trafiki wanalijua pia.

Basi, kwa hali yako

Kabla ya lolote: rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi au logibuku. Ukiibadilisha, peleka taarifa TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na bima uwaambie. Kuongeza mistari juu ya rangi ileile ni rahisi kuliko kugeuza gari jeupe kuwa jeusi.

Gari ni la kila siku, linalala nje na linapita barabara ya vumbi? Bakia kwenye Gulf au Martini. Kati ya hizo mbili acha umbo liamue: mviringo Gulf, pembe Martini.

Ni la Jumapili na maonyesho, lina gereji na bodi isiyo na kovu? Nyeusi na dhahabu itakulipa. Kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, ambako waamuzi huchungulia hadi chini ya gari, nyeusi safi huheshimika kwa sababu kila mtu pale anajua ilivyo ngumu kuitunza.

Unajiandaa kwa rali za magari ya kale, kama East African Safari Classic iliyoanza 2003? Boneti jeusi lina faida ya kweli machoni mwako, na bodi ikigonga mti, Datsun ndiyo itakayorudi barabarani kwa pesa kidogo. Ukiwa na 911, mistari ya 1978 ina haki ya kuwa pale.

Una Impreza ya miaka ya 90 na ni buluu tayari? Huna uamuzi mgumu. Tafuta rimu za dhahabu, weka nyota, acha tarakimu.

Gari ni la familia na mwenzako hataki rangi za mashindano kabisa? Martini isiyo na jina, mistari myembamba chini ya madirisha tu, juu ya nyeupe iliyopo. Kwa nusu ya gharama.

Na ikiwa bado umekwama kati ya mbili, nunua modeli ndogo mbili za gari lako au zinazokaribia, zipake nyumbani, uziweke mahali unapopita kila siku. Ndani ya mwezi mmoja utakuwa umeichoka mojawapo, na fundi hatakuwa amefungua hata kopo moja.